Lodi wa Tatu, Kibaigwa

Barua ilikaa siku nne kwa wakala wa basi,
chini ya kreti la nyanya, kabla hajanipigia.
Bahasha nene, rangi ya maziwa yaliyolala,
nyuma yake nta nyekundu, na kwenye nta korongo
amesimama mguu mmoja, wa pili umekamata jiwe.

Nilimjua yule ndege.
Alikuwa kwenye vifungo vya koti la babu.

Babu Chibehe aliosha matrekta ya karanga pale Kongwa,
miaka ile Wazungu walipoleta chuma kilichotoka vitani
kije kulima udongo ambao kiangazi huwa saruji.
Bwana wake aliitwa Ambrozi, mtoto wa nne wa Lodi.
Kwetu, alisema, kifungua mimba hupewa nyumba na jina,
wa pili jeshi, wa tatu kanisa,
wa nne (akanyoosha kiko kuelekea vumbi)
wa nne hupewa hili.

Mvua ikakataa. Majembe yakalika kama sabuni.
Walipofunga virago, mshahara wa mwezi wa mwisho haukuonekana;
babu akapewa koti.
Koti la sufu, Ugogo, mwezi wa kumi!
Akalivaa hadi kwenye josho la ng'ombe, jasho likimchuruzika,
na watu wa Sagara wakacheka mpaka wakakaa chini:
Mpisheni Lodi.

Jina likaganda.
Baba alipoandikishwa shule, mwalimu akauliza ukoo,
watoto wakajibu kabla yake.
Leo liko kwenye kitambulisho changu,
kwenye mzani, kwenye magunia, kwa rangi ya mafuta.
Hakuna mfalme aliyetia sahihi.

Aliyeandika ni bibi wa miaka themanini na sita, Konstansi.
Anapanga upya ukoo wao, amebakiza tawi moja.
Ameeleza yote, kama mtu anayetoa vyombo kabatini:
wa kwanza alimkopesha mfalme fedha za vita
akalipwa cheo, maana hazina ilikuwa tupu;
wa tatu alioa mto na vinu viwili, na mke alikuja navyo;
wa tano alikuwa na sukari visiwani,
na daftari lake liliandika watu na nyumbu ukurasa mmoja.
Hapo mwandiko umetetemeka, au ni kalamu.
Wa nane alipoteza msitu kwa karata.
Wa tisa, baba yake, alizaa mabinti watatu.

Basi. Kwao mwanamke harithi jina.
Mzee alipozikwa, cheo kikazimwa kama karabai,
na nyumba sasa ni hoteli ya harusi.

Anauliza kama yupo anayemkumbuka Ambrozi.
Anauliza pia, pembeni, kwa herufi ndogo,
kama korongo alifika huku.

Nimeshika kalamu tangu alfajiri.
Nimweleze nini? Kwamba vifungo vilikuwa sita:
vitatu vilikwenda na shangazi zangu walipoolewa,
kimoja alimeza ndama, kimoja kiko kaburini na mwenyewe,
na hiki kinafunga mkoba wangu wa hela.
Kwamba Ambrozi, alivyosema babu, hakujua kukemea,
na usiku aliwahesabu ndugu zake kwa vidole, kwa sauti,
kama anayeogopa mmoja atapungua.

Nimeandika hivi:
Mama Konstansi, mimi pia sina kaka.
Baba alipofariki sikutawazwa, sikuulizwa.
Siku ya tisa mteja wa kwanza aliita getini,
Lodi, fungua mzani,
nikafungua.

Lile jiwe, babu alisema, ni la zamu:
korongo akisinzia litamdondokea mguuni, aamke.
Sijui kama kwenu walimwambia mtu.

Hapo nimeishia. Lori la Hogoro limeingia,
vijana wanashusha karanga, mbichi kidogo, wanadhani sitaona.
Rudisha hilo gunia.
Themanini na mbili. Toa kilo mbili za unyevu.
Nani anafuata?